Hewa ya Maziwa na Mtungi Uliofungwa Kitenge

Siku ile gatini tulikuwepo hawa. Mzee Leonard Kasanda, mstaafu wa reli kutoka Kanyenye, Tabora, ndiye mgeni mwenyewe. Paskazia, binti yake, aliyeolewa Ujiji. Mzee Zakaria Ntahomba, baba wa kijana aliyemwoa Paskazia, kwa hiyo mkwe wa Mzee Leonard. Mwalimu Consolata Bukuru, Muha wa pale pale Kigoma, aliyekuwa akiwafundisha na kuwaongoza wazamiaji wetu. Mzee Saidi Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa kompresa, aliyenifundisha kazi. Mimi, Anastazia Milembe, wananiita Mama Kulwa. Na kinamama wa ukoo wa Mzee Zakaria, ambao naweza kuwataja wote kuanzia shangazi Eveta hadi yule wa mwisho aliyekuja amechelewa, lakini Jenifa amenisihi nisiwachoshe wasomaji.

Jenifa ndiye anayejaza mitungi sasa baada yangu. Alinipigia simu mwezi ule niliostaafu na kurudi Tabora, akasema, "Bibi, shikamoo. Wageni wananiuliza kama hii hewa ya kuongezewa oksijeni ina maana yoyote kwa mtu anayezamia kujifurahisha tu. Niwajibu nini?" Nikamwambia marahaba, na kwa simu haiwezekani, salio litakwisha kabla sijafika hata kwa Mzee Kibwana. Nitaandika. Shule niliishia darasa la pili kule Sikonge, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na mistari inapanda mlima. Majina ya watu, hayo sijawahi kuyapoteza.

Kigoma nilipelekwa na ndoa. Mume wangu Petro alihamishiwa huko na reli, tukakaa, akafariki, nikabaki na mapacha wangu Kulwa na Doto na kodi ya nyumba. Nikasikia kituo cha kuzamia, kile kilicho njia ya Ujiji, kinatafuta mpishi. Nilidhani wazamiaji ni wale vijana wanaojificha kwenye meli kwenda Ulaya bila nauli, nikajiuliza wanatafutiwaje mpishi. Nilipofika ndipo nikaona watu wazima, wengine na mvi, wamevaa suti za mpira na mitungi mgongoni, wanaingia ziwani kwa hiari yao kwenda kutazama samaki ambao hawatawala. Nikasema basi, kila mtu na starehe yake, mradi wanakula.

Siku ya kwanza niliwasha jiko la mkaa pale nilipolikuta, nyuma ya banda, alipokuwa akipikia Veronika aliyenitangulia. Moshi haujanyooka vizuri, akatoka bandani mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, ameshika spana.

"Nani anawapikia wageni moshi?"

"Nawapikia maharage, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unaona mdomo wa hili bomba? Kompresa inavuta hewa hapa. Ikivuta moshi wako, tunaushindilia kwenye mtungi, mgeni anakwenda kuuvuta kule chini. Anarudi amelala."

"Jiko nimelikuta hapa."

"Hata mimi nimelikuta. Tulihamishe. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Sikonge."

Uso wake ukafunguka kama mlango. "Alhamdulillahi! Nimeletewa mpagazi!"

"Na mimi nimeletewa mcheza ngoma," nikamwambia. "Shika upande huo, tubebe."

Kwa wajukuu ambao hamkulelewa na haya mambo: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zile safari za misafara, watu walipokuwa wakitembea kutoka pwani kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji, na mizigo kichwani. Mkilala njiani kwa watu na kuzikana njiani, mnaishia kuwa ndugu wa namna ya peke yake. Mtani anakutukana hadharani, nawe huna ruhusa ya kununa. Anachukua kitu chako, huna pa kumshtaki. Na siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kwenye msiba. Basi mimi na Mzee Kibwana tuliishi hivyo miaka yote, na sijapata kukutana na mtu aliyeijua kazi yake kama yule.

Kutoka jikoni kwenda kwenye kompresa nilihama polepole. Nilianza kwa kusuuza suti za mpira na kuzianika kivulini, maana jua linazila. Halafu nikawa nashika mtungi wakati yeye anafungua koki. Halafu siku moja akaniambia, "Leo jaza wewe, mimi natazama." Alinifundisha kusikiliza kabla ya kutazama. Kompresa ikiwa nzima inakohoa kwa mpangilio, ikianza kuugua inakohoa kama mtu mwenye pumu. Alinifundisha kutokuwa na haraka. Mtungi ukijazwa haraka unapata joto, mshale unaonyesha umejaa, ukishapoa unakuta hewa imepungua na mgeni anadhani umemwibia. Alinifundisha kunusa. Hewa nzuri haina harufu hata kidogo. Ukisikia harufu ya mafuta, hata kama ni ya mbali, huo mtungi hauendi mahali.

Kisha ikaja ile hewa nyingine, ambayo ndiyo habari yetu.

Wenye kituo walikuwa wameona wazamiaji wa siku hizi wanaiulizia, wakaagiza oksijeni. Inakuja kwenye mitungi mirefu kutoka pwani kwa treni, inapita Tabora, inafika Kigoma. Mzee Kibwana siku ya kwanza alipoipokea stesheni alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Kulwa, zamani ninyi mlikuwa mnabeba pembe kwenda pwani. Leo pwani inawaletea hewa. Na bado mnapokea kwa kichwa!" Nikamwambia sisi angalau tulibeba kitu kinachoonekana.

Tangu siku hiyo alianza kunikagua mikono. Kumbukeni nilikuwa bado mpishi. Oksijeni haipatani na mafuta, inaweza kuwaka moto bila kiberiti, na mimi nakaanga migebuka kila siku kwa mafuta ya mawese. Nikisogea tu bandani: "Rudi. Sabuni." Nanawa, narudi. "Nusa mikono." Nanusa. "Inanuka nini?" "Sabuni." "Na kwa chini?" "Mgebuka." "Rudi." Mwisho wenye kituo wakaajiri mpishi mwingine, Bi. Tatu Ramadhani, nami nikawa mtu wa mitungi moja kwa moja. Ukitaka kujua nilivyopanda cheo, ni hivyo. Nilifukuzwa na samaki.

Jina la hewa ya maziwa lilitoka kinywani mwangu. Mwalimu Consolata alikuwa akitueleza sisi wafanyakazi, na kila akitaja hesabu naona watu wanatazama dirishani. Nikasema, "Mwalimu, ni kama chai. Hewa ya kawaida ni chai ya rangi. Hii umeiongezea kitu, ni chai ya maziwa." Akacheka, akakubali, jina likashika mpaka wageni wakawa wanaagiza kwa jina hilo.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Hewa tunayovuta sote, sehemu moja katika tano ni oksijeni. Karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukiwa chini ya maji, uzito wa maji unaisukuma ile naitrojeni iingie mwilini. Ukipanda polepole, inatoka taratibu. Ukikaa sana halafu ukapanda, inatoka kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, mapovu yanaingia kwenye viungo na kwenye damu, na hapo mtu anaweza kupooza au kufa. Hewa ya maziwa umeiongezea oksijeni, kwa hiyo naitrojeni imepungua. Naitrojeni ikipungua, mwili unachelewa kujaa. Mwili ukichelewa kujaa, unapata muda zaidi kule chini. Na ukizamia tena mchana, au tena kesho, mwili wako hauna mzigo mkubwa wa jana.

"Faida yake ni muda," alisema Mwalimu Consolata. "Anayewaambia kuna uchawi mwingine anawauzia."

Ila ina sheria yake, na hii Jenifa uwaambie wageni kabla ya kuwaambia faida. Oksijeni nyingi ikikandamizwa na maji mengi inageuka sumu. Mtu anapata degedege huko huko chini, kile cha kupumulia kinamtoka mdomoni, amekwisha. Kwa hiyo hewa ya maziwa haikupeleki chini zaidi kuliko ya rangi. Inakuzuia. Sisi tulikuwa tunachanganya thelathini na sita kwa mia, na hiyo mwisho wake ni mita ishirini na nane. Ndiyo maana pale kituoni kila mzamiaji alipima mtungi wake mwenyewe kwa kipimo, mkono wake mwenyewe, akaandika kwenye utepe jina lake, kiasi cha oksijeni na mwisho wa kina chake, akaubandika shingoni mwa mtungi. Hata awe profesa. Hata awe Mwalimu Consolata.

Sasa nije kwa Mzee Leonard.

Alikuja kwetu kwa sababu ya meli. Kuna meli ya mizigo ya zamani imelala ziwani, si mbali na kituo. Ilizama bila mtu, imezeeka tu ikafungwa kwa kamba ufukweni, na kamba ikachoka. Imelala kwenye mteremko: nyuma yake ni mita ishirini na kitu, mbele yake inakwenda mpaka arobaini. Baba yake Mzee Leonard, marehemu Mzee Kasanda, alitoka Tabora kijana kabisa akafanya kazi kwenye meli ile mpaka uzee. Nyumbani alikuwa akija mara moja kwa mwaka, anakaa siku chache, anaondoka. Mzee Leonard aliniambia, "Mama Kulwa, mimi baba yangu namjua mgongo. Kila nikimkumbuka anaelekea stesheni." Alipostaafu reli, wenzake walinunua mashamba ya tumbaku na mizinga. Yeye alikwenda pwani kujifunza kuzamia. Watu wa Kanyenye walidhani amerogwa. Alijifunza zote, ya rangi na ya maziwa, akapata vyeti, akaja. Alitaka kufika mbele kabisa ya meli, kwa sababu alikuwa na picha kichwani ya baba yake amesimama pale mbele, anatazama njia.

Mzee Zakaria aliposikia mkwe wake anakuja kuzamia, alikuja kituoni siku moja kabla. Muungwana sana, mvuvi wa zamani, mtu wa maneno machache. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda stesheni na Mzee Kibwana, na Mwalimu Consolata alikuwa majini. Akawauliza vijana wa boti, "Hapa kwenu kitu kizuri kuliko vyote ni kipi?" Wakamjibu bila kufikiri: hewa ya maziwa. Akalipia mtungi mmoja.

Nani angemlaumu? Mkwe akija kwako, humpi chai ya rangi. Ukiwa na maziwa unampa maziwa. Na anayepewa kitu na mkwe wake mbele ya watu hakirudishi, hata kama ni pilipili. Haya yote ni adabu nzuri. Kosa likaingia kupitia mlango wa adabu.

Asubuhi tukasikia vigelegele. Kinamama wanakuja gatini wanaimba, shangazi Eveta mbele, na katikati yao vijana wawili wamebeba mtungi. Mtungi wetu, nimeujaza mimi, umefungwa kitenge kipya kama bibi harusi. Mzee Zakaria nyuma, shati jeupe. Akasimama, akasema, "Mkwe, hapa kwetu hatuna kikubwa. Ila hewa utakayovuta leo ni ile iliyo bora."

Mzee Leonard akapokea kwa mikono miwili. Nilimwona anavyofurahi. Halafu akaufungua kidogo kile kitenge, akapima kama alivyofundishwa, akasoma, na mikono yake ikasimama.

Mwalimu Consolata naye alikuwa ameshasoma. Akamsogelea, akasema chini chini, nami nilikuwa karibu nashika taulo.

"Baba, hii mwisho wake ishirini na nane. Unakokwenda ni arobaini."

"Najua, mwalimu."

"Basi tubadilishe mtungi. Wa rangi uko pale umejaa."

"Mkwe wangu amesimama pale, mwalimu. Unaona amevaa nini? Niuweke chini mbele ya dada zake?"

"Basi tubaki na huu, tuishie nyuma ya meli."

"Nimetoka Tabora kuja kuona mbele."

"Baba, haiwezekani vyote viwili."

"Nitachungulia tu. Nishuke, niguse, nipande. Dakika moja. Hata sumu inahitaji muda."

"Hiyo haina saa," akasema Mwalimu Consolata, na sauti yake ilibadilika. "Mwingine anaponea, mwingine inamchukua hapo hapo. Mimi siwezi kukushika ukianza kukakamaa mita arobaini. Nitakufa nawe. Boti haiondoki."

Wakasimama hivyo. Yule mzee aliyesafiri kutoka Tabora kumtafuta baba yake, mwalimu aliyekataa, na mtungi katikati yao umevaa kitenge. Nyimbo zikaanza kupungua. Paskazia akanitazama mimi, macho yamemtoka. Mzee Zakaria akauliza kutoka kule aliko, "Mkwe, kuna tatizo?"

Ukimwambia zawadi yako itamuua, umemvua nguo mbele ya ukoo wake. Ukinyamaza, mzee wa watu anashuka nayo, au hashuki kabisa na anarudi Tabora akiwa amemkosa baba yake tena. Mimi nilikuwa najua jibu kama watu wote wa kituo walivyolijua. Kulisema ndiyo ilikuwa shida.

Mzee Kibwana akatoka bandani. Alikuwa akijipangusa mikono kwa tambara. Akaja mpaka pale, hakusalimia mtu, akauchukua ule mtungi mikononi mwa Mzee Leonard, akaulaza chini, akaukalia.

"Huu wangu," akasema.

Kinamama wakashika vinywa. Mzee Leonard akashtuka. "Wewe mzee! Umekaa juu ya zawadi yangu!"

"Zawadi gani? Wewe si Mnyamwezi? Nimesikia lafudhi tangu ulipofika."

"Mnyamwezi. Kwa hiyo?"

"Mimi Mzaramo."

Nikaona mabega ya Mzee Leonard yanashuka. Alitaka kukasirika akakuta mlango umefungwa. "Ah," akasema. "Ndiyo maana nilisikia harufu ya nazi."

"Nazi hiyo hiyo ndiyo iliyowalisha babu zako walipofika pwani wamechoka kama punda. Ondoka hapa."

"Inuka, mcheza ngoma. Mtungi huo umelipiwa na mkwe wangu."

"Nimeshaukalia. Nenda kashtaki." Halafu akageuka, akamwita Mzee Zakaria kwa sauti ya gati nzima. "Mzee mwenzangu! Njoo nikuulize! Wewe umeona wapi mpagazi kupewa maziwa kabla hajatua mzigo?"

Shangazi Eveta alicheka wa kwanza. Yeye akicheka hata mbuzi wanageuka. Mzee Zakaria akaja, bado hajui acheke au vipi.

"Sikiliza," Mzee Kibwana akamwambia, sasa kwa upole kidogo, ila ule utani hakuuachia. "Mpagazi huyu leo ana kazi ya kwenda kule mbele, kwenye giza. Hiyo ni kazi ya hewa ya rangi. Anakwenda, anatua mzigo, anarudi. Kesho akiwa ameoga, ametulia, anakaa na hii yako kule nyuma ya meli, penye mwanga, anakunywa taratibu kama mtu mzima. Maziwa hayanywewi kwa kukimbia. Akiyanywa kule mbele yatamvuruga."

Mzee Zakaria alikuwa mvuvi, maji anayajua. Akamtazama Mwalimu Consolata, naye akatikisa kichwa kidogo tu kukubali. Akamtazama mkwe wake. Sidhani kama alihitaji kuelezwa zaidi.

"Kwa hiyo zawadi yangu haijakataliwa?" akauliza.

"Itakataliwa na nani? Nimeikalia mimi mpaka kesho. Ajaribu mtu kuichukua."

"Basi mkwe," Mzee Zakaria akasema, "kesho. Leo mnyang'anyi huyu ametushinda."

Wakacheka wote, vigelegele vikarudi, na mimi nikakimbia kuleta mtungi wa rangi kabla mtu hajabadili mawazo. Wajukuu, nimeona watu wakirekebisha mashine nyingi. Ile ndiyo kazi ya ufundi iliyonishangaza kuliko zote. Hakuna aliyeaibika. Na ukitaka kujua kama Mzee Kibwana aliogopa, alipoinuka pale baada ya boti kuondoka, alinishika mkono asiuachie. Akaniambia, "Nanusa mgebuka. Rudi kanawe." Nikajua hataki kuulizwa.

Walishuka na wakarudi salama. Mzee Leonard alipanda gatini. Nikamvua jaketi, nikampa chai. "Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona chuma na giza. Nimegusa. Mwalimu akanionyesha saa yake, muda umekwisha, tukapanda." Akanywa chai. "Alikuwa hayupo pale, Mama Kulwa."

Hewa ya rangi mita arobaini inakupa muda wa kubisha hodi tu. Na ziwa letu liko juu, si kama baharini alikojifunza yeye. Majedwali ya huku, yale ya muda wa kukaa chini, yanabana zaidi.

Kesho yake hapakuwa na nyimbo. Kinamama walikuwa sokoni. Mzee Zakaria alikuja peke yake, akamkabidhi Mzee Kibwana sigara, maana mnyang'anyi lazima alipwe, na Mzee Kibwana akasimama kutoka kwenye mtungi aliokuwa ameukalia tena makusudi asubuhi ile. Mzee Leonard akapima, akaandika utepe wake, akashuka na Mwalimu Consolata mpaka nyuma ya meli, mita ishirini na kitu. Tukangoja. Tukangoja mpaka Paskazia akaanza kunishika kanga. Nikamwambia, "Mwanangu, tulia. Huku kuchelewa ndiko kulikolipiwa."

Niliyoyajua baadaye nimeyapata kwa Mwalimu Consolata. Walipofika nyuma ya meli hawakuwa na haraka. Wakazunguka taratibu. Samaki wa ziwa letu wamejaa pale, wale wadogo wa rangi rangi, na wale wanaotunza watoto wao mdomoni, mama anawatema wanacheza, akiona mtu anawameza tena wote. Mwalimu alidhani Mzee Leonard anatazama hao. Kumbe ameona winchi. Iko nyuma, upande wa kushoto, imeota majani, lakini kiti cha chuma cha opereta bado kipo. Hapo ndipo alipokumbuka alilolisikia utotoni bila kulijali, kwamba Mzee Kasanda alikuwa mtu wa winchi. Hakuwahi kusimama mbele ya meli kutazama njia yoyote. Maisha yake yote alikuwa nyuma, amekaa, anapandisha mizigo iliyoletwa na treni ya kutoka kwao.

Mzee Leonard alishika ule mkono wa winchi, akakaa pale sitahani kando ya kile kiti. Mwalimu akatazama saa, bado kuna muda. Akatazama tena, bado kuna muda. Akamwacha. Jana yake, na ile hewa nyingine, angekuwa ameshamvuta mkono.

Alipopanda gatini, Mzee Zakaria akamuuliza, "Mkwe, hewa ilikuwaje?"

"Ilinitosha, mkwe," akasema. "Nimekaa naye."

Mzee Kibwana hakumwachia aondoke siku hiyo wala asubuhi yake. Njia ya Tabora inapanda, na mtu aliyetoka kuzamia hapandi mlima, iwe kwa basi au kwa chochote, mpaka mwili utue. Kwa hiyo alikaa kwetu siku nzima anatukanwa na Mzaramo, na anajibu. Nadhani hiyo nayo alikuwa anaihitaji.

Basi Jenifa, jibu lako ni hili. Mgeni anayekwenda mita kumi kutazama samaki, mwambie abaki na ya rangi, hewa yake itaisha mtungini kabla muda haujamwisha. Anayekwenda chini sana, mkatalie kabisa, hata akija na ukoo mzima. Lakini yule wa katikati, anayezamia mara mbili kwa siku au siku kadhaa mfululizo, na yule mwenye umri, na yule ambaye kuna kitu anataka kukaa nacho, huyo mpe maziwa, na usione aibu kuyasifia. Wapo wanaosema hawachoki wakiivuta. Hilo sijui. Nimewaona wakisinzia kwenye supu ya Bi. Tatu sawa sawa na wengine. Mimi mwenyewe sijawahi kuzama kupita magoti, kwa hiyo nasema niliyoyaona nikiwa nimeshika taulo.

Mzee Kibwana ametangulia. Nilikwenda Kisarawe kwenye msiba, nikafanya kazi ya mtani, nikamtukana mpaka wajane wakacheka. Mzee Leonard yuko hapa Kanyenye, tunaonana ibadani kila Jumapili. Mwalimu Consolata bado yuko kituoni na nyote mnamjua.

Kwa hiyo mnisahihishe. Winchi nimesema upande wa kushoto, Mzee Leonard anasema kulia ukiwa umesimama unatazama ufukweni, mwenye kushuka aangalie atuambie. Huenda shati la Mzee Zakaria lilikuwa la krimu. Na Mwalimu Consolata anasema Mzee Leonard hakulia siku ile, yale yalikuwa maji ya ziwa. Mimi nakumbuka nilikuwa nimeshampa taulo, ameshajifuta uso, na bado. Aliyekuwepo akaona vingine, aje aniambie.